Mwanangu analipa kodi Japani: je, ana dhambi ya vita vya Iraki?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mwanangu anafanya kazi Nagoya tangu mwaka juzi. Amesikia kwamba Japani, ambayo katiba yake inakataza vita, iliwahi kupeleka askari Iraki. Sasa anasita hata kunitumia fedha, anasema kodi yake imechanganyika na damu. Nimjibu nini? (Mzazi, Ujiji)

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, mzee wangu. Ni kweli ibara ya 9 ya katiba yao ya 1947 inakana vita. Mwaka 2004 walipeleka askari wapatao 600 mjini Samawah, wakasafisha maji na kukarabati shule, wakaondoka 2006. Hapo sina neno. Anayemnywesha mwenye kiu ametenda wema, hata akiwa na gwanda.

Utata ulikuwa angani. Ndege zao zilibeba askari wa majeshi mengine hadi Baghdad, na serikali ikashikilia kuwa haimo vitani, iko "maeneo yasiyo na mapigano" tu. Waziri Mkuu Koizumi alipobanwa bungeni aeleze maeneo hayo, akajibu kuwa ni pale kilipo kikosi chao. (Nilicheka, Allah anisamehe.)

Sisi wa ziwani hatudanganyiki kwa hilo. Mwenye boti wa Kibirizi akivusha usiku watu wenye bunduki wakashambulie ng'ambo, kisha aseme "mimi nabeba abiria tu", nani atamwelewa? Injini yake, petroli yake, nauli mfukoni mwake. Allah amesema: "Wala msisaidiane katika dhambi na uadui" (Al-Maida: 2). Hata Mahakama Kuu ya Nagoya, mji huohuo wa mwanao, ilitamka mwaka 2008 kwamba kuwapeleka askari wale Baghdad kulivunja ibara ya 9, ingawa raia waliofungua kesi hawakupewa fidia. Safari zile zikakoma mwisho wa mwaka huo.

Ama mwanao, wakati huo hakuwepo. Kodi hukatwa kwa sheria, hakuna anayemuuliza iende wapi, na inajenga hospitali pia. "Wala mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine" (Al-An'am: 164). Kama kazi yake ni ya halali, mshahara wake ni halali. Siku serikali ile ikirudia, naye ana nafasi ya kusema bila kujidhuru, aseme.

Kwa sasa akutumie fedha, haki ya mzazi haisubiri. Akitaka kutoa sadaka moyo utulie, atoe, ila asiiite kafara.