Jibu: Nguzo za bomba la stenlesi barazani Raskazone, Tanga

Mkuu, umeuliza kama bomba za stenlesi za inchi 2, urefu mita 3 na nusu, zitabeba paa la baraza, na fundi kakwambia stenlesi ni ngumu kwa hiyo hata nyembamba inatosha. Hapo usimfuate kabisa. Nguzo ndefu nyembamba haivunjiki kwa kulemewa, inapinda kwenda pembeni katikati, chukua njiti ya chelewa ikandamize kwa kidole utaona inavyopinda ghafla, ikate nusu ukandamize tena, sasa inahitaji nguvu karibu mara 4. Na stenlesi haina ukakamavu, yaani ule ubishi wa kupinda, kuzidi chuma cha kawaida, tena inaanza kulegea taratibu kabla haijafika ile nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya dukani, ndio maana ina kanuni zake za kukokotoa. Ongeza kipenyo kwanza, inchi 3 kwa unene uleule wa ukuta wa bomba inakupa zaidi ya mara 3 ya nguvu ya kuhimili kupinda, halafu kichwa kifungwe vizuri kwenye boriti kisichezecheze. Na kwa chumvi ya bahari hapo chukua stenlesi ya gredi 316, ile ya gredi 304 itatoka madoa ya kutu. Vipimo vya mwisho mpe injinia akupigie hesabu, watu watakaa chini ya hilo paa.