Albamu ya kwanza ya saksafoni: tokeni vibandani

Wadogo zangu, nimeletewa tena miksi za albamu ya kwanza. Saksafoni, besi na dramu, jazi huru kabisa, isiyofungwa na mpangilio, na tena nasikia watu watatu wasiojuana. Nilijua kabla sijauliza: kila mtu alifungiwa chumba chake. Haya, tuongee.

1. Piano ifikirieni mara mbili. Albamu ya kwanza ya Ornette Coleman, mpiga saksafoni, ya 1958, ina mpiga piano. Kwenye albamu yake The Shape of Jazz to Come, ya 1959, hayupo. Sikilizeni saksafoni yake ya alto na koneti ya Don Cherry, ndugu wa tarumbeta, zilivyopata pa kupita.

2. Rekodini chumba kimoja. Hapa mnivumilie, maana kosa hili lilikuwa langu kabla halijawa lenu. Kwenye albamu yangu ya kwanza nilitaka usafi. Mpiga dramu nikamtia kibandani, wa besi nyuma ya kioo, mimi na hedifoni zangu peke yangu. Nilikuwa nimeambiwa dramu ikivuja kwenye maiki yangu sitaweza kurekebisha kitu. Nikasahau kwamba vipande vyetu havikuwa na hesabu ya kuanzia: jamaa wa dramu alikuwa akiangalia mabega yangu. Nikivuta pumzi yanapanda, naye anaingia. Studio akawa anaangalia ukuta. Kila akifika, mimi nimeshaondoka. Badala ya kufungua milango, nikakimbilia kompyuta. Nikasogeza mapigo yake, nikafuta pumzi zangu, nikafuta hata mlio wa vitufe vya saksafoni. Ikatoka safi kama maji ya chupa. Aliisikiliza mara moja tu, akaniuliza, "Huyu anayepiga dramu ni nani?" Na jina lake lilikuwa kwenye jalada.

Huo uvujaji mnaouogopa ndiyo bendi yenyewe.

3. Ridi mpya, vile vipande vya mwanzi vinavyotetema mdomoni mwa saksafoni, zizoeeni nyumbani.

4. Fupisheni. Spiritual Unity, albamu ya mpiga saksafoni Albert Ayler iliyorekodiwa 1964, haifiki dakika 30, na sijasikia mtu akidai chenji yake. Nyie mnaleta zaidi ya saa nzima, altisimo, zile noti za juu kabisa za saksafoni, tangu mwanzo. Sasa mtapanda wapi tena? Roscoe Mitchell, naye wa saksafoni, alianza na albamu ya Sound, 1966, pamoja na wenzake wa Chicago. Mle ndani kuna vikengele, kinanda cha mdomo, na kimya kirefu. Kimya hakiwatishi wao, kinawatisha nyinyi.

5. Teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kurekodi kipande, haifutwi. Na fundi mitambo akisema ataanza kurekodi mkishapasha, mwambieni hapana, abonyeze tangu mnapofungua makasha ya ala.