Mdogo wangu, duka la pili lisubiri kwanza

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Dada shikamoo. Duka langu la nguo za vijana linalipa, mkopo umeshapitishwa, nataka kufungua mengine mawili kabla ya Krismasi. Unanishauri nini?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimelipa rejesho la mwisho la deni lililonikalia kooni miaka minne, kwa hiyo aliyeuliza kamuuliza mtu sahihi.

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa ili na wengine wasome, maana najua sote tunaota kuona jina letu kwenye bango kila mtaa.

Fremu yangu ya kwanza ya duka iko Sinza, Dar es Salaam. Ni nyembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nilianza na robota la blauzi za mtumba kutoka soko la Karume, na karibu kila robota nililofungua lilikuwa na lebo ya Forever 21, kampuni ya nguo ya Marekani. Wasichana wa chuo walikuwa wanaijua, wakiiona tu hawabishani bei. Nikataka kujua nani mwenye jina hilo.

Nikawakuta mume na mke kutoka Korea Kusini, Do Won Chang na Jin Sook Chang, waliohamia Los Angeles mwaka 1981. Mume alifanya usafi, akajaza watu mafuta kituoni, akafanya kazi kwenye mgahawa wa kahawa. Akagundua kwamba wateja wenye magari mazuri walikuwa watu wa biashara ya nguo. Mwaka 1984, kwa akiba ya dola 11,000, wakafungua duka la futi za mraba 900 mtaa wa Highland Park, wakaliita Fashion 21, ndiyo baadaye ikawa Forever 21. Walinunua mzigo uliowabakia watengenezaji kwa bei ya chini, wakauza upesi, wakarudi kuchukua mwingine. Mwaka wa kwanza waliuza dola 700,000. Na chini ya mifuko yao ya njano waliandika Yohana 3:16. Mimi ni mtu wa kanisa, hilo lilinigusa kuliko namba zote.

Nikasema kama wao wameweza, mimi nakwama wapi? Machi 2021 nikafungua Mwenge. Septemba nikafungua Dodoma, kwa mkopo, kwa sababu kila mtu alisema serikali imehamia huko na hela imeifuata. Fremu kubwa, kioo mbele, kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nilipiga picha mlangoni, nikalia kwa furaha.

Habari za upande wa pili zilikuwepo tayari. Sikuzitafuta kwa sababu sikutaka kuzijua. Akina Chang walitoka nchi 7 hadi 47 ndani ya muda usiofika miaka sita. Maduka yakavimba: lile la Times Square, New York, lilikuwa na futi za mraba 90,000, mara mia ya lile la Highland Park. Ukubwa huo una kodi yake, na kodi haijui kwamba wateja wako wameanza kununua kwenye simu. Septemba 2019 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaowadai. Februari 2020 kampuni iliyowahi kuuza zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka ikauzwa kwa dola milioni 81. Na baadaye, Machi 2025, maduka yake ya Marekani yakafilisika tena.

Mimi sikuhitaji miaka sita. Siku niliyofika Dodoma bila taarifa nilikuta jinzi zilezile nilizopeleka miezi mitano nyuma zimekunjwa dirishani. Nikakunjua moja. Pale ilipokunjwa gotini palikuwa na mstari mweupe, jua la kioo limeila rangi. Nikakunjua ya pili, mstari uleule. Daftari la mauzo lilikuwa na kurasa zimechanwa. Aliyekuwa anauza ni ndugu yangu wa damu, na mpaka leo hatujakaa meza moja. Inaniuma bado, siwezi kudanganya.

Dodoma nikafunga. Mwenge nikafunga. Sinza ndiyo iliyolipa madeni yao yote.

Kwa hiyo nisikilize. Usihesabu mabango, hesabu faida inayobaki baada ya kodi, mshahara na rejesho. Ondoka dukani mwezi mzima, nenda hata kijijini, ukirudi uone hesabu zinasemaje. Kama duka moja haliwezi kusimama bila wewe, matatu yatakuangusha. Mkopo kupitishwa si baraka kutoka juu. Anayekukopesha anaangalia dhamana yako, ndoto zako ni za kwako. Na ndugu usimkabidhi duka kwa sababu ni ndugu. Vijana tunakimbilia kuonekana wakubwa, tunasahau kwamba Mungu alitupa hicho kidogo tukitunze kwanza. Narudia, hesabu faida.

Kabla hujasaini chochote, piga picha kurasa za daftari lako za miezi sita iliyopita unitumie, mauzo na matumizi yote. Au njoo nalo. Nafungua saa tatu asubuhi, Sinza, fremu ileile.