Barua kwa mwanangu: kundi la watoto na kura ya wadi

Mwanangu,

Umeniuliza kuhusu wale watoto wa mtaa, mkubwa wao miaka 17 na mdogo 14, walioanzisha kundi ili MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, aangushwe kwenye uchaguzi wa Agosti 10, 2027. Wamekuomba uwe mlezi wao kwa sababu wewe una kitambulisho na wao hawana. Unataka kujua kama watu wasio na kura wanaweza kufanya lolote, na ukikubali uanzie wapi.

Kubali. Ila uwaambie mapema kwamba kazi haitafanana na waliyoyaona kwenye simu zao Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni. Siku ile ilikuwa ya umati. Siasa ya wadi ni ya makaratasi: daftari la wapigakura, makadirio ya bajeti, barua yenye mhuri, fomu ya matokeo iliyobandikwa mlangoni. Mheshimiwa amezoea kelele na anajua zitaisha saa kumi na mbili jioni. Kinachomkosesha usingizi ni mtoto wa sekondari mwenye faili.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na wapigakura 2,415,310 waliojiandikisha, katika wadi 85. Hiyo ni wastani wa watu 28,000 na kidogo kwa wadi. Kati yao wote, zaidi ya milioni moja hawakufika kituoni. Ukigawanya, ni zaidi ya 12,000 kwa kila wadi. Ndugu zao wakubwa, shangazi zao na mama wa jirani wamo humo. Kwa hiyo kundi halihitaji kubadilisha mawazo ya mtu yeyote. Linahitaji kupata waliolala.

Usiwaache wapoteze muda kudai haki ya kupiga kura wakiwa na miaka 16. Watakuja na hoja hiyo, maana wamesoma kwamba Austria ilishusha umri mwaka 2007, na Brazil mwenye miaka 16 anaruhusiwa tangu 1988. Kweli kabisa. Lakini hapa kwetu Katiba inataka mpigakura awe mtu mzima, na kuibadilisha Katiba hakuishi kabla ya 2027.

Kazi ya kwanza ni tarehe za kuzaliwa. Chukua daftari la mazoezi, kila mwanachama aandike mwezi na mwaka wake, kisha wenzake wa darasani na wa ploti wanaojulikana. Watashangaa. Mtoto aliyezaliwa Julai 2009 atakuwa ametimiza miaka 18 siku ya uchaguzi lakini hatapiga kura, kwa kuwa daftari hufungwa mapema. Na kabla ya daftari kuna kitambulisho, kinachoweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo wanaotimiza miaka 18 mwaka 2026 na miezi ya kwanza ya 2027 ndio dhahabu yenu, na maandalizi yao yanaanza wakiwa bado na miaka 17.

Hapa ndipo mambo huharibika, basi nikae hapo kidogo. Kuomba kitambulisho kunahitaji cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Nairobi utakuta mtoto hana cheti, ana ile karatasi tu aliyopewa mama hospitalini. Au cheti kina jina moja na karatasi za shule zina jingine: Mohamed kwenye kimoja, Muhammad kwenye kingine. Au mzazi amepoteza kitambulisho chake na hajawahi kukitafuta. Hakuna hata moja kati ya hayo linalorekebishwa siku ile mtoto anapotimiza miaka 18 akiwa kwenye foleni. Kila mmoja mwenye miaka 17 aweke karatasi zake mezani sasa, mlinganishe herufi kwa herufi, na penye kasoro mzazi aende ofisi ya usajili au kwa chifu mapema. Baadaye, akishaomba, atapewa karatasi ya kusubiria. Hiyo haimwandikishi kura. IEBC, tume ya uchaguzi, wanataka kitambulisho chenyewe, au pasipoti ambayo haijaisha muda.

Kisha kila mtoto apewe watu kumi anaowajua. Maswali ni matatu: una kitambulisho? umejiandikisha? ulijiandikisha wapi? Swali la tatu ndilo zito. Nusu ya ploti utakuta walijiandikisha ushago, kijijini kwao, kabla ya uchaguzi wa 2013 na hawajawahi kuhamisha. Mtu kama huyo lazima aende mwenyewe ofisi ya IEBC ya eneobunge anakohamia, na maombi hayo hufungwa kabla ya uchaguzi. Wengine hawajui hata wadi yao. Kariobangi North iko Embakasi North, Kariobangi South iko Embakasi West. Watu wanaonunua mboga kibanda kimoja wanachagua MCA tofauti. Chora ramani ya wadi kwa mkono, ploti kwa ploti, kabla ya kumgongea mtu mlango.

Msiandike nambari ya kitambulisho ya mtu yeyote, wala msipige picha kitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi, na orodha ya namna hiyo ikipotea itaangukia mikono ya watu wanaokusanya vitambulisho vya wapinzani wao. Jina la kwanza, jina la ploti na alama ya vema vinatosha.

Sasa swali la kundi. Watoto watataka kumlaumu MCA kwa kila kitu: karo, polisi, barabara kuu. Usiruhusu ahukumiwe kwa kosa lisilo lake, maana mheshimiwa atawajibu kwa sentensi moja, "hiyo ni serikali kuu", na mtaonekana hamjui. Karo ya sekondari na polisi ni vya serikali ya kitaifa. Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, iko upande wa mbunge. Upande wa kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba, ni chekechea, zahanati, takataka, taa za mtaani, barabara za kaunti, masoko. Tena MCA hashiki pesa za miradi hiyo. Anapitisha bajeti na kuisimamia. Kwa hiyo swali kali kuliko "mbona taa haziwaki?" ni "ulisema nini bungeni kuhusu taa hizi, tarehe gani?" Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge la kaunti, ipo. Mtoto mmoja mwenye subira ayasome yaliyosemwa na ahesabu mara ambazo wadi yenu imetajwa.

Mchague jambo moja tu. Ningependa basari ya kaunti, maana wao wenyewe ndio walengwa na hakuna atakayewaambia hayawahusu.

Ukishapata jambo, andikeni barua ya kuomba habari. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki hiyo kila raia, na mtoto ni raia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Hamlazimiki kueleza mnataka habari hiyo kwa nini. Mkinyimwa au mkinyamaziwa, mna siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki (Commission on Administrative Justice), wenyewe mnaiita Ombudsman.

Barua nyingi hufa kwa sababu ya swali pana. "Tunaomba bajeti yote ya wadi" itajibiwa na kimya au na kurasa 400. Andikeni hivi: "Tunaomba kujulishwa, kwa mwaka wa fedha uliotangulia: (1) jumla ya pesa za basari zilizotengewa wadi yetu, (2) kiasi kilicholipwa, (3) idadi ya wanafunzi waliofaidika kwa kila shule, (4) tarehe ambazo hundi zilitumwa." Msiombe majina ya wanafunzi. Mtakataliwa, na ni haki mkataliwe, kwa kuwa ni data za watoto. Idadi kwa kila shule inatosha kuonyesha kama shule moja imependelewa.

Barua ielekezwe kwa Katibu wa Kaunti, City Hall, makao ya Kaunti ya Nairobi. Chapeni nakala mbili. Moja inabaki, ya pili inapigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mnarudi nayo. Bila mhuri huo siku 21 hazina mwanzo. Karani akikwambia "acha tu hapo, tutawapigia", simama hapo hapo kwa heshima mpaka mhuri ugonge.

Kalenda ya bajeti nayo ibandikwe ukutani: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio Aprili 30, na bajeti inapitishwa kabla ya Julai kuanza. Mikutano ya maoni ya wananchi hutangazwa kwa muda mfupi, mara nyingi kwenye gazeti ambalo mtaani hakuna anayelinunua. Mtoto mmoja awe na zamu ya kuangalia matangazo kila wiki. Mkifika, pelekeni maoni kwa maandishi, ukurasa mmoja, na mpigiwe mhuri tena. Ya mdomo hupotea.

Kuhusu pesa, mwanangu, uwe mkali. Hakuna atakayekuja na bahasha siku ya kwanza. Atakuja na "sapoti": fulana, jezi, mpira, chapati na soda baada ya mkutano. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa hongo na anayepokea, lakini hata kabla ya sheria, kundi lililovaa fulana ya mtu limekwisha. Wekeni kanuni moja isiyo na mjadala: hakuna kitu chochote kutoka kwa mwanasiasa yeyote, hata nauli. Matumizi yenu ni kopi, kalamu na bando. Mchango wa shilingi ishirini ishirini unatosha. Na kwa kuwa wengi wao hawana laini kwa jina lao, watataka pesa zikae kwenye M-Pesa yako. Kataa. Washike wazazi wawili, na hesabu isomwe kila wiki mbele ya wote.

Mwenyewe ningewakataza kumuunga mkono mgombea yeyote. Najua hawatapenda. Lakini mgombea wa leo akinyimwa tiketi ya chama kesho anahamia chama kingine na wimbo mwingine, na sura za watoto zinabaki kwenye mabango yake mtandaoni miaka kumi. Tena mama zao wana vibanda barabarani. Usimfanye mtoto awe sababu ya kibanda kubomolewa.

Badala yake waandae mdahalo, wagombea wote wakishaidhinishwa na IEBC. Ukumbi wa kanisa au wa jamii, saa nane mchana hadi saa kumi. Maswali matatu yale yale kwa kila mgombea, yakiwa yametumwa wiki moja kabla, dakika mbili kwa jibu, na mtoto mwenye saa mkononi asiyeogopa kusema "muda umekwisha, mheshimiwa". Asiyekuja kiti chake kibaki wazi na jina lake juu. Kinachoharibu midahalo ni mgombea kuleta wafuasi hamsini wa kupiga makofi, basi toeni kadi za kuingilia, kumi kwa kila mgombea, zilizobaki za wakazi. Kingine ni spika, yaani vipaza sauti: akizilipia mgombea mmoja, mdahalo ni wake. Bora mzungumze bila spika.

Mkutano wowote wa hadhara au maandamano, notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kwa maandishi, isiwe chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla, yenye jina la mwandalizi, mahali au njia, na saa. Sheria inaruhusu kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Jina la mwandalizi litakuwa lako, kwa hiyo usitie sahihi jambo ambalo hutahudhuria. Kila mtoto awe na ruhusa ya mzazi iliyoandikwa, na asiende nyumba kwa nyumba peke yake. Kwenye WhatsApp wasimtukane mtu. Wakiona wahuni wa kukodiwa, warudi nyumbani. Hakuna kura inayopatikana kwa kusimama nao.

Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Watoto wawe wanawakumbusha watu wao kumi kumi kwa simu na kuwashikia mama wachanga watoto foleni ikiwa ndefu. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700, kwa hiyo wadi ya kawaida ina vituo arobaini au zaidi. Matokeo ya MCA huandikwa kwenye Fomu 36A, na nakala hubandikwa mlangoni pa kituo. Wale wenye miaka 18 wapige picha kila fomu usiku huo, wajumlishe. Si kazi ya mwenye miaka 14 kuwa nje saa hizo.

Jambo moja ambalo huenda hamjalifikiria: watakaokuwa Kidato cha Nne mwaka 2027 ndio watahiniwa wa mwisho wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa mfumo wa zamani, na Agosti watakuwa wamezama kwenye vitabu. Kama wao ndio viongozi, kundi litakosa kichwa wakati ule ule linapohitajika. Kila mwenye cheo awe na msaidizi wa Gredi ya 10 tangu sasa, anayejua faili iko wapi.

Anza na lile daftari la tarehe za kuzaliwa Jumamosi hii. Rasimu ya barua ya basari nitumie kabla hamjaipeleka City Hall, niyaangalie hayo maswali manne.

Mamako