Mwalimu Mstaafu Anajibu: Tumbo la Asubuhi, Fimbo Kumi na Sanduku Tupu

Barua zimerundikana tangu shule zifunguliwe, na nusu yake zinauliza shule ipi hapa Tanga inafaulisha. Hizo nimeziweka kando. Nilikuwa mwalimu wa darasa na wa malezi, si dalali.

Mwanangu yuko la tatu. Kila asubuhi analalamika tumbo. Tumepima malaria, choo na mkojo, hakuna kitu. Jumamosi na Jumapili mzima kabisa. Jirani anasema nimpeleke akaandikiwe kombe, zile aya zinazooshwa kwa maji mgonjwa akanywa. (Mama, Makorora)

Kombe sikukatazi, mama. Nami nimenyweshwa sana utotoni na bado nipo. Lakini umeshajijibu mwenyewe: ugonjwa gani huo unaojua kuwa leo ni Jumamosi? Na tumbo linauma kweli, usimwite mwongo. Hofu ya mtoto hukaa tumboni, hasa akiwa hajapata maneno ya kuieleza. Kilichonisikitisha ni kwamba umeniandikia aliyosema daktari na aliyosema jirani. Aliyosema mtoto hayamo.

Usimuulize "nani anakuonea?", ataona kafikishwa kituoni. Kaeni mnachambua mchicha, kisha uliza kama mtu anayepiga soga: saa gani ya shule huipendi? Mtoto hukutajia saa kabla hajakutajia mtu. Atasema hesabu, au mapumziko, au njia ya kurudi nyumbani, na hapo utajua pa kuanzia.

Nilikuwa na binti wa darasa la nne, tumbo kila siku ifikapo saa nne. Tulimshuku mwalimu wa hesabu miezi miwili nzima, masikini. Kumbe mlango wa choo cha wasichana ulining'inia kwa bawaba moja, na wavulana wakipita wanachungulia. Binti akaacha kunywa maji asubuhi, chai anaimwaga nyuma ya nyumba, anajibana mpaka arudi kwao. Fundi akaweka bawaba mpya na komeo la ndani, na tumbo likapona. Kwa hiyo ukienda shuleni, kabla ya kuingia ofisini, pitia chooni.

Mwanangu amechapwa fimbo kumi kwa kuchelewa. Sheria inasemaje? Huwa anachelewa kidogo tu, maana anaanza kupeleka vitumbua mgahawani. (Baba, Pongwe)

Nimelijibu hili mpaka mkono umechoka. Safari hii likate ulibandike ukutani. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko havizidi vinne. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Na kila adhabu huandikwa kitabuni. Kumi si adhabu ya shule, ni kipigo. Nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na mtoto, usiende na kaka zako watatu, uombe kukiona hicho kitabu. Ukizungushwa, kwa afisa elimu kata. Kama mtoto ana majeraha, atibiwe, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijue.

Mimi mwenyewe nilichapa, sijifichi. Simkumbuki hata mmoja aliyejifunza kuwahi kwa fimbo yangu.

Ila hivyo vitumbua umevipitisha haraka, baba. Ili vifike mgahawani alfajiri, mtoto anaamka saa ngapi? Mwalimu kamchapa kwa kosa lako. Mji huu haujawahi kupungukiwa baiskeli. Panda, uvipeleke wewe.

Kuna dawa ya kuongeza akili? Nimeuziwa chupa moja lakini sioni mabadiliko. (Mama, Mwakidila)

Hakuna. Akurudishie hela yako.

Na wewe uliyelalamika kwamba wa kwako anasinzia darasani: ngoma ya baikoko ilipigwa mtaani kwenu mpaka saa nane za usiku, na watoto wa la kwanza walikuwa mbele kabisa, wamekalia spika. Nilikuwepo, nimeona.

Mtoto wa awali aanze twisheni? (Baba, Chumbageni)

Hapana.

Shikamoo mwalimu. Nimepewa unasihi shuleni, yaani kuwasikiliza na kuwashauri watoto, ni mwaka wangu wa pili kazini. Darasa langu lina watoto tisini, chumba hakuna, semina sijapata. Nimeweka sanduku la maoni, mwezi umeisha halina hata karatasi moja. Nianzie wapi? (Mwalimu, Duga)

Marahaba mwanangu. Sanduku umelitundika wapi? Nabahatisha: ukutani, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nani atumbukize karatasi chini ya dirisha la mtu anayemwandika? Lihamishie njia ya chooni, kila mtu ana sababu ya kupita huko. Ufunguo ukae kwako na kwa mwenzako mmoja. Na usithubutu kuisoma barua ya mtoto mstarini. Nilishashuhudia. Jina halikutajwa, lakini msomaji akasema, "Huyu wa la tano mwenye mwandiko wa kuku," na shule nzima ikageuka kumtazama. Sanduku lile halikupata barua tena.

Chumba usikihangaikie. Kivuli cha mwembe kinatosha, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Usijifungie ndani na mtoto, kwa usalama wake na wako. Usimuahidi siri: mwambie mapema kwamba akiwa anaumizwa utamtafuta wa kumsaidia. Ukimrudisha mara tatu kwenye jambo lilelile atadhani humwamini, basi msikilize mara moja na uandike maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya mtaani. Na kesi za kubakwa na kupigwa vibaya haziishii kwenye kikao cha walimu, wala hazimalizwi na familia mbili kwa kulipana. Siku hiyohiyo ziende ustawi wa jamii na polisi. Atakayekuja kukubembeleza "tuyamalize kiutu uzima", andika na jina lake.

Kuhusu tisini: huwezi kuwasikiliza wote. Ita majina kila asubuhi wewe mwenyewe, usimwachie kiranja. Anayeitika kwa sauti isiyo yake, huyo ndiye wa leo.

Wazazi hawachangii mahindi ya uji, wanasema elimu ni bure. Tumepitisha kwamba ambaye mzazi wake hajachanga asipewe. Ni sawa? (Mjumbe wa kamati ya shule, Tongoni)

Wazazi kwanza. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, ulifuta ada na michango ya lazima. Haukuleta sufuria. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Igaweni kwa siku 194 za masomo, haifiki shilingi 60 kwa siku, na humo mna vitabu, chaki na matengenezo.

Sasa nyinyi kamati: si sawa hata kidogo. Nimewaona watoto wa namna hiyo wakati wenzao wako mstarini. Wameegemea ukuta, wanachora mchangani kwa vijiti ili wasitazame jikoni. Mmoja alikuwa na kikombe cha plastiki ndani ya mkoba, anakuja nacho kila siku, labda leo. Deni ni la baba, mdaini baba. Na muangalie mnamdai lini. Mnapita nyumba kwa nyumba mwezi wa sita, kusi inavuma, ngalawa zimepandishwa ufukweni, halafu mnashangaa mvuvi hana kitu. Mdaini upepo wa kaskazi ukivuma, ngalawa ziko baharini. Au pokeeni kuni, dagaa, au mama yake aje kupika siku mbili kwa wiki.

Shikamoo bibi. Niko la tano. Rafiki yangu ameniambia kitu kibaya anachofanyiwa nyumbani. Amesema nikimwambia mtu, urafiki umekwisha. (Mtaa ninauhifadhi)

Marahaba mjukuu wangu. Katika barua zote za safari hii, yako nimeisoma mara mbili.

Siri ya nguo ya sikukuu mtunzie. Hii ni nzito, haibebwi na watoto wawili. Mwambie, "Twende wote tukamwambie mtu mzima." Akikataa, nenda peke yako, leo au kesho, usingoje likizo. Chagua mtu mzima ambaye hujawahi kumsikia akiwacheka watoto. Akikujibu kwamba mambo ya watu hayakuhusu, nenda kwa wa pili, na kwa wa tatu. Ipo pia simu 116, ya kusaidia watoto, haikati salio, unaweza kuipiga kwa simu ya yeyote unayemwamini.

Huenda rafiki yako akakununia siku kadhaa. Asipokusemesha, usihame. Mwachie nafasi yake palepale kwenye dawati.