Ute wa njano uwani: usiumwagie dawa

Msomaji wa Wete ananiuliza amwagie dawa gani ute wa njano uliotanda juu ya makumbi yake ya nazi tangu masika yaanze. Usimwage kitu, ndugu yangu. Kwa ulivyoueleza, huo ni ukungu wa ute, na haushambulii mkarafuu wala mgomba. Unakula bakteria, hamira na spora za kuvu (chembe kama vumbi ambazo kuvu huzalia, na ukungu huu nao unazo) kwenye mabaki yanayooza, na kwa kuwala bakteria unairudishia ardhi naitrojeni waliyoishika. Mwenye pumu tu ajihadhari: ukishakauka ukawa unga asiufagie, maana spora zake zaweza kumbana kifua.

Inaniuma kusikia unaitwa uchafu. Si kuvu, ni jamaa wa amiba, na ute wote ule, hata ukienea upana wa kiganja, ni seli moja yenye viini maelfu kwa maelfu. Uangalie kwa lenzi: ndani ya mishipa yake maji yanakwenda upande mmoja, yanapunguza kasi, yanasimama, kisha yanarudi yalikotoka, yote hayo kwa muda wa dakika moja au mbili. Mwaka 2000 Toshiyuki Nakagaki na wenzake huko Japani waliweka ute wa Physarum polycephalum, aina mojawapo ya ukungu huu, ndani ya kijumba cha vichochoro, chakula kikiwa kwenye milango miwili. Ukajiondoa kwenye njia nyingine zote ukabaki na ile fupi. Mwaka 2010 watafiti walipanga punje za oti, nafaka ya uji, kwa ramani ya miji inayoizunguka Tokyo, nao ukaiunganisha kwa mtandao unaolingana na reli ya kule. Na hauna ubongo.

Ukitaka kuufuga, usiende kubandua magome Jozani wala Ngezi, hizo ni hifadhi. Gome kavu la nje la mwembe wa uwani linatosha, au majani makavu ya mgomba, maana spora zake huwa zimeshatua humo. Yaanike kivulini siku chache. Tandika tishu nyeupe isiyo na manukato kwenye sahani yenye kifuniko, panga vipande safu moja visilaliane, kisha mimina maji mpaka vilowe. Tumia maji ya mvua yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima chetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na chokaa hubadili asidi ya gome. Baada ya saa 24 mwaga maji yaliyozidi, funika, weka mbali na jua. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaacha maji yatuame, gome linanuka, basi. Nyuzi nyeupe za kuvu zikitokea usitupe, ute mara nyingi huja baadaye. Kagua kila siku mbili tatu, ongeza matone panapokauka, na uvumilie hata miezi mitatu.

Ukiona ute unatambaa, upe punje moja ya oti, moja tu, na uitoe ikianza kuota manyoya. Aina nyingi za porini zitaikataa.

Vibuyu vya spora vikishasimama, vingine vidogo kuliko kichwa cha pini, acha sahani ikauke taratibu. Ikikauka ghafla vinasinyaa. Kata gome na vibuyu vyake, ligundishe ndani ya kiberiti, andika mti, kijiji na tarehe, kisha kiweke kwenye friza siku kadhaa kuua wadudu wanaokula spora.