Viazi vya kuoka na nyama: maji yanatoka wapi?
Dada, umeuliza kwa nini ulipooka viazi vya kuponda na nyama ulikuta maji chini ya bakuli: usivilaumu viazi, mara nyingi ni nyama. Nyama ya kusaga nusu kilo ikaange na vitunguu, thomu na nyanya mpaka ikauke kabisa, uone mafuta yamejitenga pembeni. Viazi kilo moja vikiiva mwaga maji, rudisha sufuria motoni dakika moja mvuke uishe, ndipo uponde na siagi na maziwa ya moto kidogo. Nyama chini, viazi juu, chora mistari kwa uma. Hiyo mistari ndiyo inayokuwa kahawia na kukauka vizuri (kwangu watoto huigombania). Oveni nyuzi 200, dakika 30. Huna oveni? Sufuria na mfuniko, makaa mengi juu, machache chini, kama mkate wa kumimina.